Kumfunza Mtoto Italia kwa Bomba la Maji

Mtoto wa Malindi wa miaka kumi aweza kukuamkia kwa Kitaliani, akuhesabie mpaka ishirini, na akutajie bei ya kinyago kwa lugha hiyo hiyo bila kugugumia. Lakini muulize Italia iko wapi, watu wake wamepitia mambo gani, na ni kitu gani kilichowaleta huku kwetu, atakutumbulia macho. Italia aijuayo yeye ni ile ya ufukoni: miwani ya jua, gari la kukodi na sarafu mkononi. Mtoto wa bara naye, aliyekulia karibu na misheni, aijua Italia ya padri na sista, ya kanisa na ya chupa ya dawa. Wote wawili wameonyeshwa mlango. Nyumba hawajaingia.

Jambo hili limenikaa moyoni tangu nilipoanza kwenda Meru na Embu mara kwa mara. Mpwa wangu ana duka huko Igembe, kando ya barabara iendayo Laare. Mimi nilisomesha Mombasa kwa miaka mingi, na kila ninapopumzika kwake watoto hunizunguka kama kuku waonao mtama. Wamo wa mpwa wangu na wamo wa majirani, Waislamu kwa Wakristo, Waswahili kwa Wameru. Swali lao moja ndilo lililozaa makala haya: hao Wataliani, ni watu gani?

KWA NINI ITALIA?

Msomaji wa Pwani huenda akashangaa kwamba watoto wa milimani waulizie Italia, wala si Uingereza iliyotutawala. Sababu yake si ngumu. Mwaka 1902 wamisionari wa Consolata kutoka mji wa Turin walipitia Mombasa, wakapanda bara mpaka kwa Chifu Karuri huko Murang'a. Mwaka 1911 wakaingia Meru. Leo ukifika Nkubu utaikuta hospitali yenye jina la Consolata, na ukishuka upande wa Embu utaikuta nyingine Kyeni. Basi mtoto wa huko huisikia Italia kabla hajaiona katika ramani.

Siku ya kwanza nilipoanza kuwaeleza, mama mkwe wa mpwa wangu, mtu mzima wa Lamu, alinisikiliza kimya. Baadaye akaniita kando. "Maalim," akasema, "watoto hawa tumewaleta bara. Chuo kiko mbali, na wenzao wote Jumapili huenda kanisani. Leo nawe wawaletea Roma ndani ya nyumba?"

Neno lile lilikuwa la haki, wala halikufaa kujibiwa kwa kicheko. Zamani za ukoloni shule na misheni ziliingia kwa mlango mmoja, na wazazi wengi wa Kiislamu, Pwani na bara, waliwazuia watoto wao nyumbani kwa hofu hiyo hiyo. Hasara yake twaijua. Nikamwambia: "Bi mkubwa, Roma watoto hawa wataisikia, tutake tusitake. Tulilo nalo la kuchagua ni nani atakayewaambia." Nikamkumbusha mabaharia wetu waliokwenda Bombay kwa majahazi. Waliijua miji ya Wahindi, mahekalu yake na sikukuu zake, wakarudi kwao na swala zao tano.

Bi mkubwa alikubali, lakini kwa sharti. Niyaseme yote, mazuri na mabaya, na yeye awepo akisikiliza. Sharti hilo lilinifaa kuliko kitabu chochote.

MAJI YA TUURU

Sikuanza na Roma. Nilianza na bomba.

Huko Igembe ipo misheni iitwayo Tuuru, penye nyumba ya watoto walemavu. Nyumba ile ilikuwa na shida ya maji, na aliyejitwika kazi ya kuyatafuta ni bruda mmoja aitwaye Giuseppe Argese, aliyefika Kenya mwaka 1957. Wameru walimpa jina la Mukiri, maana yake mtu mkimya. Juu ya nchi ile uko msitu wa Nyambene, ambao aghalabu umejifunika ukungu, na ardhi yake hunywa mvua na umande mwaka mzima. Mukiri na mafundi wa Kimeru walichimba mahandaki ndani ya mlima, wakayakinga maji yachuruzikayo, kisha wakayateremsha kwa mabomba. Kazi iliyoanza kwa ajili ya nyumba moja ikaenea zaidi ya kilomita 200 za mabomba, hata nchi kavu ya chini ikapata kunywa.

Hayo watoto walikuwa wakiyajua nusu nusu, maana wazee wao ndio waliobeba mabomba. Nikawauliza: "Mtu huyu alitoka nchi ya mito au nchi ya kiu?" Wote wakajibu kwa pamoja kwamba ni ya mito. La, hasha. Alizaliwa Martina Franca, katika jimbo la Puglia. Ukiitazama ramani, Italia ni kama kiatu kirefu kilichotumbukizwa baharini, na Puglia ndiyo kisigino. Ardhi yake ni ya mawe ya chokaa, na mvua ikinyesha huzama yote chini. Watu wa huko kwa karne nyingi waliishi kwa kukinga maji ya mvua katika mabirika, kama yale ya misikiti yetu ya kale. Mwaka 1906 serikali yao ilianza kuchimba mfereji mkubwa wa kuyavusha maji ya mto Sele kutoka ng'ambo ya milima, na mji wa Bari ukayapata mwaka 1915.

Nikawaonyesha picha ya nyumba za huko, ziitwazo trulli, zinazopatikana Martina Franca na hasa Alberobello. Ni nyumba za mawe yaliyopangwa bila ya chokaa ya kuyashika, na paa lake limechongoka juu kama pia iliyopinduliwa. Kijana mmoja wa Kimeru aliruka. "Kumbe na wao walikuwa na nyumba za msonge!" Tangu dakika ile Italia haikuwa tena nchi ya mbali kwake.

Hapo ndipo tulipoingia Roma, na kwa maji yale yale. Warumi walijenga mfereji wao wa kwanza mkubwa mwaka 312 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, na baadaye wakawa na mifereji kumi na mmoja. Hawakuwa na mashine ya kusukuma. Siri yao ilikuwa mteremko tu. Tuliweka ndoo juu ya meza, karai chini, na mpira katikati, watoto wakaona kwamba ukiuinua mpira kupita ndoo maji hukataa, na ukiushusha kidogo tu maji hutii. Yaliyowafaa Warumi ndiyo yaliyomfaa Mukiri pale Nyambene. Mfereji mmoja wa Warumi, uliofunguliwa mwaka 19 kabla ya Nabii Isa, ndio asili ya maji ya chemchemi ya Trevi, ambayo wageni wa dunia nzima huitembelea na kutupa sarafu. Mtoto aliyeushika mpira ule haisahau Trevi, hata kama hataiona maisha yake yote.

MANENO YALIYO DUKANI

Siku ya pili nilitumia kaunta ya duka. Nikaweka mfuko wa sukari, limau, na zafarani kidogo ya biriani, kisha nikachora sifuri juu ya karatasi. Nikawaambia: "Mtaliani sukari huiita zucchero. Limau huliita limone. Zafarani huiita zafferano. Na sifuri huiita zero." Wakacheka, wakidhani nafanya mzaha. Si mzaha. Maneno hayo manne waliyapata kwa Waarabu, na mengi yake nasi tuliyapata huko huko. Soko lilikuwa moja, wao wakisimama upande wa kaskazini na sisi upande wa kusini.

Na hiyo sifuri ina kisa chake. Alikuwapo kijana wa mji wa Pisa, jina lake Leonardo, ambaye baba yake alifanya kazi ya forodha huko Bejaia, nchi tunayoiita leo Algeria. Kijana alijifunza huko hesabu kwa tarakimu za Kihindi walizozitumia Waarabu, na mwaka 1202 akaandika kitabu kilichowafunza Wataliani hesabu hiyo. Watoto wengi huko bara wameiona Pisa kwenye kalenda ukutani, kwa ule mnara wake ulioinama. Mnara huo ulianza kujengwa mwaka 1173, ukainama kwa sababu ardhi yake ni laini, na mwaka 1990 ukafungwa kwa hofu ya kuanguka, mpaka mafundi walipouimarisha ukafunguliwa tena mwaka 2001. Ni vyema mtoto ajue kwamba mji uliojenga mnara ule ndio uliotoa mtu aliyekwenda Afrika kusoma hesabu.

Bi mkubwa alisogeza kiti chake karibu niliposema kwamba Bari, mji mkuu wa Puglia, ulitawaliwa na maamiri wa Kiislamu kuanzia 847 hadi 871. Nikamwambia pia habari za kisiwa cha Sicily, kilichokuwa chini ya Waislamu zaidi ya karne mbili. Hata baada ya kushindwa, mfalme Mkristo wa huko, Roger, alimweka kwake mjuzi wa Kiislamu, al-Idrisi, aliyemtengenezea ramani ya dunia na kitabu chake mwaka 1154 katika mji wa Palermo. Ndani ya kitabu hicho zimetajwa Malindi na Mombasa. Yaani miji yetu ilikuwa imeandikwa huko Sicily zaidi ya miaka mia tatu kabla Vasco da Gama hajatia nanga. Na Roma yenyewe leo ina msikiti mkubwa, uliofunguliwa mwaka 1995. "Basi," akasema Bi mkubwa, "waambie na mabaya."

SHARTI LA BI MKUBWA

Nikawaambia. Italia kama dola moja ni changa: ilitangazwa mwaka 1861. Changa ilivyo, ikataka makoloni kama wakubwa wenzake. Mwaka 1905 ilinunua kwa Sultani wa Unguja bandari za Benadir, yaani Mogadishu, Merka, Barawa na Warsheikh, na wenyeji hawakuulizwa. Kabla ya hapo, mwezi wa Machi 1896, ilijaribu kuila Habeshi, jeshi la Menelik likaivunja pale Adwa. Mwaka 1935 ikarudi na ndege na gesi ya sumu, ikawaua watu wasio na hata bunduki.

Libya nako alikuwapo mwalimu wa Kurani, Omar Mukhtar, mzee wa zaidi ya miaka sabini, aliyewapiga Wataliani kwa karibu miaka ishirini. Walimkamata mwezi wa Septemba 1931, na tarehe 16 wakamnyonga mbele ya watu wake waliofungiwa kambini. Jenerali aliyeongoza vita vile, Graziani, ni Mtaliani, kama alivyokuwa Mukiri.

Nyumba ilinyamaza. Kisha binti mmoja wa jirani, Mkristo, ambaye kaka yake amewahi kutibiwa Tuuru, akauliza swali lililonigusa: "Sasa tuwapende au tuwachukie?"

Nilimjibu kwamba nchi si mtu, wala haipendwi wala kuchukiwa kwa mkupuo mmoja. Mukiri hamsafishi Graziani, na Graziani hamchafui Mukiri. Kila mmoja atasimama na kitabu chake. Sisi tutazame kazi ya mtu. Hilo wote walilielewa, wa msikitini na wa kanisani.

Naona hapa ndipo wazazi na walimu wengi hukosea njia. Mmoja humwonyesha mtoto picha nzuri tu, mtoto akaidharau nchi yake na kutamani kwenda. Mwingine humwonyesha ubaya tu, mtoto akafunga masikio. Wa kwanza huzaa mtumwa wa moyo, na wa pili huzaa mjinga.

MLIMA NA WAFUNGWA

Kutoka Meru niliteremka Embu kwa rafiki yangu, mwalimu mwenzangu, anayekaa upande wa Runyenjes. Huko alfajiri, kabla mawingu hayajapanda, Mlima Kenya huonekana wazi. Watoto wake na wa jirani walikuwa wameshasikia kwamba yuko mzee anayesimulia Italia, nami nikawapa kisa kinachouhusu mlima wao wenyewe.

Waingereza walipowashinda Wataliani huko Habeshi na Somalia mwaka 1941, maelfu ya wafungwa waliletwa Kenya. Wengine walijenga barabara, na mmoja wao, Felice Benuzzi, aliwekwa katika kambi ya Nanyuki, upande wa pili wa mlima. Kila siku aliutazama mlima kupitia waya wa kambi. Tarehe 24 Januari 1943, yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto aliyekuwa daktari na Vincenzo Barsotti, walitoroka. Hawakutoroka ili wakimbilie kwao. Walitaka kuupanda mlima tu, kisha warudi. Vyombo vyao walivitengeneza kwa vipande vya chuma walivyookota, na mfano wa mlima waliupata katika picha ya kibandiko cha kopo la nyama. Barsotti aliugua, wakamwacha kwenye hema. Kilele kikubwa cha Batian, chenye mita 5,199, kiliwashinda, lakini walifika Lenana, mita 4,985, wakasimamisha bendera yao. Baada ya siku kumi na nane wakarejea kambini wenyewe. Walihukumiwa kifungo cha chumba siku 28, wakatumikia saba, kwa kuwa mkuu wa kambi alipendezwa na ujasiri wao.

Watoto wa Embu walicheka mpaka machozi kwa mfungwa anayejirudisha jela. Lakini kijana mmoja hakucheka. Akasema: "Babu anasema mlima ule ni mahali pa Ngai. Wao walipanda kuweka bendera?" Tazama maneno hayo. Mtoto ameisikia habari ya ugenini na ameipima kwa mizani ya kwao. Ndivyo tunavyotaka.

MTALIANI ALIYEKUJA KUSOMA

Kisa cha mwisho niliwapa pande zote mbili, nacho chatuhusu sisi watu wa Pwani. Wameru husimulia kwamba asili yao ni Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, walikotawaliwa na watu wa nguo nyekundu, wawaitao Nguu Ntune. Walikimbia usiku, na kiongozi wao akayagawa maji wakapita. Baadhi ya wataalamu huiweka Mbwaa hiyo katika visiwa vya Lamu, na wengine hutaja Manda hasa. Aliyekuwa miongoni mwa walioyasikiliza masimulizi ya Wameru kwa uvumilivu ni Mtaliani, padri Bernardo Bernardi, aliyeandika kitabu juu ya Mugwe, kiongozi wao wa kiroho, kilichotoka mwaka 1959. Alikuja kama mmisionari, lakini alikaa miguuni pa wazee akauliza, akaandika majibu yao.

Bi mkubwa wa Lamu aliposikia Manda imetajwa alishika kifua. Majirani anaoishi nao Igembe, huenda babu zao na babu zake walikunywa kisima kimoja. Na huenda babu zake ndio waliokuwa na nguo nyekundu. Hilo nalo alilisema mwenyewe, bila kuambiwa. Wageni tulianza kuwachunguza, tukajikuta tunajichunguza sisi.

LA KUFANYA

Mzazi wa Pwani hahitaji kupanda Meru ili amfunze mwanawe namna hii. Mchukue umpeleke Ngome ya Yesu, Mombasa, umwambie kwamba ramani yake ilichorwa na Mtaliani wa Milano, Giovanni Battista Cairati, aliyewatumikia Wareno, na kazi ikaanza 1593. Ukiwa Malindi, mwonyeshe upande wa Ngomeni, ambako Wataliani walirusha satelaiti yao mwaka 1967 kutoka jukwaa la baharini, na kutoka hapo hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ikarushwa nyingine ya Wamarekani iliyopewa jina Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Kisha mwambie habari za Barawa na Omar Mukhtar. Anza na kitu anachokigusa, mfikishe mbali, umrudishe nyumbani. Usimruhusu atoke na majina ya majumba tu kichwani.

Kabla sijaondoka Igembe, mtoto wa mwisho wa mpwa wangu, wa miaka saba, aliniuliza kama watoto wa Italia nao hufunzwa habari za Meru. Nilimwambia kweli: wachache. Kitabu cha mfungwa wa Nanyuki kimesomwa huko, na cha Padri Bernardi kinajulikana na wasomi, lakini mtoto wa Turin hajui Nyambene ni nini.

Akafikiri kidogo. "Basi sisi twawajua zaidi," akasema, akaenda zake kuteka maji.